Mbona Hakuna Kisiki?

Watu kama hamsini wameinama topeni, suruali zimekunjwa hadi magotini, kila mmoja ameshika mbegu ndefu ya mkoko. Kamba ya nailoni imevutwa kutoka kigingi kimoja hadi kingine ili mistari inyooke. Maji yamepwa. Nyuma yao bahari iko wazi mpaka upeo wa macho. Picha za namna hii husambaa kila mwaka ikikaribia tarehe 26 Julai, siku ya mikoko duniani, na kuna moja ambayo kwa wiki kadhaa sasa haijanitoka kichwani.

Watu wenyewe si tatizo. Kinachonisumbua ni tope walilokanyaga.

Halina kisiki hata kimoja.

Hakuna mzizi uliokufa, hakuna mti mzee pembeni, hakuna mche uliojiotea wenyewe. Kisiki cha mkoko, au cha mkandaa ambao ni aina nyingine ya mikoko, hukaa topeni miaka mingi kabla ya kuoza, kwa sababu tope la pwani halina hewa. Hata kisiki chenyewe kikiisha, ukichimba sentimita 30 unakuta nyuzi za mizizi ya kahawia zimeshikamana na udongo. Mahali pasipo na kisiki wala nyuzi hizo, kuna uwezekano mkubwa kwamba msitu haukuwahi kusimama hapo.

Basi hapo panarejeshwa nini?

## Tope tupu lina wenyewe

Kutoka Lamu hadi Mtwara, maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka kwa takriban mita 3 hadi 4. Mikoko imeshika nusu ya juu tu ya ngazi hiyo: kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi pale bamvu kubwa zinapofika mara chache kwa mwaka. Ukijumlisha saa zote za mwezi, sakafu ya msitu ulio mzima hufunikwa na maji theluthi moja ya muda au pungufu. Teremka chini ya hapo, na mche unazama kwa muda mrefu kuliko unaopata wa kupumua. Mawimbi yanautikisa kabla haujashika, mwani unaoelea unaulalia, na vile viumbe vidogo vyenye magamba makali vinavyoganda kwenye matumbo ya mashua vinauvaa shina zima mpaka unainama kwa uzito.

Kila anayeifahamu pwani anajua hili. Kwa nini basi tunaendelea kupanda huko chini?

Nadhani jibu liko kwenye hati za ardhi. Upande wa nchi kavu, ambako mikoko iliondolewa kweli, kuna mashamba ya chumvi, mashamba ya mpunga, tuta la barabara, viwanja vilivyokwisha kuuzwa. Ukitaka kurejesha msitu huko utakutana na mtu mwenye karatasi mkononi. Tope la mbele halina hati, na siku ya kupanda hatokei mtu wa kubishana nawe.

Lakini tope hilo lina wenyewe. Kina mama wanachokoa chaza na kome hapo. Wavuvi wa pweza wanapita hapo kwa miguu. Mara nyingi, ukishuka kidogo tu, linaanza kuota nyasi bahari, na nyasi hizo ndizo malisho ya tafi. Katika hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, Kenya, tope linaloachwa wazi wakati wa kupwa hulisha maelfu ya ndege wahamaji. Mmojawapo ni *Dromas ardeola*, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayezaa kwenye mashimo ya mchanga katika visiwa vya Ghuba na pwani ya Oman kisha kuja kwetu kutafuta chakula. Kwa ndege huyo, uwanja wa tope ulio wazi una thamani ileile ambayo msitu unayo kwa samaki wachanga.

Mtandao wa ikolojia wa pwani una vituo vingi: mwamba wa matumbawe, nyasi bahari, tope wazi, mikoko, kisha uwanda wa chumvi na vichaka vya nchi kavu. Aina kadhaa za samaki huanza maisha kwenye mizizi ya mikoko, wakakulia kwenye nyasi bahari, wakamalizia mwambani. Ukipanda mikoko juu ya nyasi bahari umeharibu kituo kimoja kwa jina la kingine, na kwa kawaida hata hicho kingine hukipati, maana miche inakufa.

## Swali linalotangulia jembe

Mikoko haihitaji watu ili izae. Mkoko wenyewe, *Rhizophora mucronata*, huotesha mbegu zikiwa bado mtini. Zinaning'inia kama fimbo za kijani, nyingi zikizidi sentimita 35, kisha zinaanguka na kuelea. Mbegu ya mkoko inaweza kukaa majini kwa wiki nyingi ikiwa bado hai. Mkandaa na msinzi, aina nyingine za mikoko, nao huzaa hivyohivyo, kwa mbegu fupi zaidi. Mbegu za mchu, aina nyingine tena, ni ndogo, ganda linavuka baada ya siku moja au mbili majini, na zinaota haraka zikitua. Kila bamvu ni siku ya kupanda, bila kamba na bila fulana za wafadhili.

Kwa hiyo, mbele ya eneo lililoharibika, swali langu la kwanza ni hili: kwa nini msitu haujajirudia wenyewe?

Majibu yanayowezekana ni mawili, na kila moja lina njia yake.

La kwanza: mbegu zinafika, ila haziishi. Utazikuta zimelala kwenye mstari wa taka za bamvu, zimeota majani mawili au manne, zimenyauka. Hapo pana ugonjwa. Kuongeza mbegu elfu kumi kwa mkono ni kuongeza idadi ya zitakazokufa.

La pili: mbegu hazifiki. Udongo ni mzuri, maji yanaingia na kutoka, mashimo ya kaa yamejaa, lakini miti mama ilikatwa yote, au kuna tuta kati ya eneo na hori, au hori iliyo jirani nayo imekuwa tupu. Hapo mtandao umekatika, na hapo ndipo mkono wa mtu una kazi.

Kutofautisha hali hizi mbili kunahitaji subira ya bamvu kadhaa. Chagua viwanja vidogo vya mita 10 kwa 10, vitatu au zaidi, kuanzia ukingo wa maji hadi nchi kavu. Baada ya kila bamvu hesabu mbegu zilizotua, zilizosimama na zilizokufa, ukiandika kila aina peke yake. Usitosheke na ziara moja. Kuna miezi ambayo miti ina mbegu changa tu, na ukihesabu wakati huo utadhani hazifiki kumbe hazijakomaa. Inua macho, angalia miti jirani ndipo uamue.

## Mpira wa maji

Chombo ninachokithamini kuliko vyote katika kazi hii kinauzwa duka la vifaa vya ujenzi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 20, ule ambao waashi hutumia kusawazisha msingi wa nyumba.

Ujaze maji, uhakikishe hakuna kiputo cha hewa hata kimoja, maana kiputo kinadanganya. Funga kila ncha kwenye fito iliyochorwa alama za sentimita. Mtu mmoja anasimama ndani ya msitu ulio mzima ulio karibu, pale ambapo miche midogo ya aina unayoitaka imeota yenyewe. Mwingine anasimama kwenye eneo lililoharibika. Maji yakitulia kila mmoja asome alama yake. Tofauti ya namba hizo ndiyo tofauti ya mwinuko. Rudieni sehemu 20 au 30, mkiandika.

Sentimita 20 zinaonekana kitu kidogo. Lakini kwenye tope linaloinama sentimita 1 kwa kila mita 5, sentimita 20 ni mita 100 za ardhi. Huo unaweza kuwa upana mzima wa ukanda wa mkoko, na ndani ya mita hizo 100 aina zinabadilika. Kwa kawaida ya pwani yetu mlilana hukaa mbele baharini, nyuma yake mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na juu kabisa mchu na kikandaa, huku mkomafi ukipenda kingo za vijito na upande wa juu. Mchu una tabia ya pekee: unaota mbele baharini, halafu unapotea, halafu unatokea tena nyuma karibu na nchi kavu, mfupi na wenye matawi mengi. Anayetaka mbegu za mchu wa mbele asizichume nyuma.

Ukishajua mwinuko, jua na maji yanafika wapi. Kata chupa ndogo za plastiki, zifunge wazi kwenye fito kila baada ya sentimita 5, kisha subiri bamvu siku isiyo na mvua. Asubuhi yake, chupa ya juu kabisa iliyojaa inakuambia kimo cha maji. Fanya hivyo msituni na kwenye eneo lililoharibika, usiku uleule.

Bado chumvi. Chimba shimo la sentimita 30, subiri maji yajichuje, pima kwa refraktomita, kifaa kidogo cha kupimia chumvi. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukisoma 70 au zaidi, mkoko usiupeleke hapo, hata mkandaa utateseka. Mchu peke yake unaweza kuvumilia, nao ukiwa umedumaa. Na kama tope ni jeusi likinuka yai viza, maji yamesimama hapo muda mrefu na mizizi haitapata pumzi.

Vifaa hivi vyote havifikii gharama ya fulana za siku ya kupanda.

## Maji yaliyofungwa

Sehemu nyingi ambazo nimeziona zikipandwa na kufa, kisha kupandwa tena na kufa tena, zina kasoro ya maji. Tuta la shamba la chumvi lililoachwa, barabara iliyokata hori, kalvati lililowekwa juu mno. Nyuma ya tuta bahari inaingia mara moja kwa mwezi, haina pa kutokea, jua linaivuta, chumvi inabaki. Au kinyume chake: maji ya mvua yanajaa yakatuama, mizizi ya kupumulia inazama, msitu unakufa umesimama.

Kilichonibadilisha mawazo ni kuona jinsi kazi sahihi hapa ilivyo ndogo. Wengi hudhani ni lazima kubomoa tuta lote kwa katapila. Si lazima. Tafuta mahali ambapo hori ya zamani ilipita. Picha za setilaiti za miaka iliyopita zinaonyesha, na wazee wavuvi wanakumbuka waliingiza mtumbwi wapi. Vunja tuta hapo, na katika sehemu nyingine mbili au tatu ambazo vijito vilikatwa. Maji yenyewe yatapanua.

Mfereji mkuu ufuate mkondo wa zamani, na mikunjo yake. Sakafu yake iteremke kuelekea baharini bila kishimo, ili maji yakipwa yatoke yote. Udongo unaochimbwa usiupange kando ya mfereji kwa mstari, kwani utakuwa umejenga tuta jipya sambamba na lile ulilovunja. Utawanye, au uufanye vichuguu vilivyoachana vya kupandia mkomafi na kikandaa. Chimba wakati wa maji mafu, ambapo bahari haifiki maeneo ya juu na watu wanapata siku kadhaa za kufanya kazi pakavu. Kizibo cha mwisho, upande wa baharini, kifunguliwe bamvu inapokaribia.

Kalvati lina kosa moja linalorudiwa kila mahali: sakafu yake huwekwa juu ya sakafu ya hori, kwa sababu fundi anafikiria mvua na barabara. Sentimita 30 za tofauti zinatosha kubakiza bwawa nyuma ya barabara mwaka mzima. La pili ni wembamba. Bomba moja dogo linasukuma maji kwa kasi, linachimba shimo mbele na nyuma, na baada ya misimu michache barabara yenyewe inaanguka.

Halafu acha.

Mwaka mmoja, ikiwezekana miwili, usipande kitu. Wa kwanza kurudi ni kaa. Mashimo yao hupitisha hewa na kuosha chumvi. Kisha mchu, mmojammoja, kwenye kingo za mfereji. Ukiona miche ya aina mbili au tatu imejiotea, na mingine ina zaidi ya mwaka mmoja, kazi yako kubwa imekwisha, na kilichobaki ni kuzuia mbuzi.

Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Hakuna cha kupiga picha.

## Pale mkono unapohitajika

Sisemi watu wasipande. Kuna mahori ambako miti mama ilimalizwa. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko yake ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu zake hazikujirudia mpaka zilipopandwa kuanzia miaka ya 1990. Leo zimekuwa msitu. Chwaka, Unguja, kuni za tanuru za chokaa zimechukua miti mingi. Tatizo la mahali kama hapo likiwa ni mbegu, zipeleke.

Njia nyepesi ni kuziachia majini. Kusanya mbegu zilizokomaa kutoka hori jirani, nenda mdomo wa hori tupu maji yakianza kujaa, zimwage. Zitatawanyika zenyewe hadi pale maji yanapozipandisha, yaani kwenye mwinuko zinaoutaka. Nyingi zitapotea, ndivyo ilivyo hata kwa miti yenyewe.

Ukipanda kwa mkono, mambo yanayoua ni machache na yanajulikana.

Mbegu changa ni la kwanza. Mkoko uliokomaa huonyesha pete ya manjano pale mbegu inapokutana na tunda, na ukiigusa inaachia yenyewe. Inayong'ang'ania iache. Tazama vitundu vya mende anayetoboa mbegu. Yenye kitundu kimoja tupa. Zihifadhi kivulini ndani ya gunia lenye unyevu, si zaidi ya wiki moja. Zikikaa ndani ya mfuko wa plastiki juani, zinapikika mchana mmoja.

La pili ni kina. Theluthi moja ya mbegu iingie topeni, ncha iliyochongoka chini, chipukizi juu. Wapo wanaosukuma nusu au zaidi ili isimame vizuri mbele ya kamera, na vitundu vya hewa vya ubavuni vinazibwa na tope.

Nafasi ya mita 1 kwa 1 ni miche 10,000 kwa hekta, mita 2 kwa 2 ni 2,500. Ninapendelea vikundi vya miche kumi hadi ishirini iliyokaribiana, huku pengo pana likiachwa kati ya kikundi na kikundi. Miche iliyosongamana inavunjiana mawimbi na kushika tope, na yale mapengo yanaachiwa mbegu za aina nyingine zinazokuja na maji. Safu zilizonyooka za mkoko mtupu zinatoa shamba la boriti. Hilo ni jambo halali kabisa, watu wanahitaji boriti, lakini liitwe shamba.

Mchu na mlilana zinataka kitalu. Mbegu za mchu ziloweke usiku kucha ganda livuke, panda kwenye vifuko vilivyotobolewa vyenye tope la mikokoni, weka kitalu mahali ambapo bahari inafika yenyewe ili usibebe maji kwa ndoo, na kivuli cha nusu. Mwezi wa mwisho ondoa kivuli. Ukifikisha sentimita 30 au 40, na shina likiwa gumu, uhamishe. Shina laini ni chakula cha kaa. Mlilana ni mgumu zaidi: tunda lina mbegu nyingi ndogo mno, zinasombwa kirahisi, na miche michanga inafunikwa na ukungu wa kijani. Na ukishakua nao una adui zake, kwani huko Gazi wadudu wanaotoboa matawi ya mlilana wamekausha miti mingi mikubwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutotegemea aina moja ukingoni mwa bahari.

Katika delta ya Rufiji, yenye zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, kuna kisa cha namna yake. Mto ulipoelekeza maji yake zaidi upande wa kaskazini, maji baridi yaliongezeka huko na mikoko ikafyekwa kulimwa mpunga. Mashamba yaliyoachwa huvamiwa na kangaga la maji chumvi na mimea ya mwituni inayotambaa, yakafunika ardhi kabisa. Mbegu zinakuja na bamvu, zinatua juu ya majani, zinakauka kabla ya kugusa tope. Kupanda katikati ya kangaga bila kulifyeka ni bure, na kulifyeka mara moja hakutoshi kwa sababu linachipua kutoka kwenye shina la chini. Fyeka njia, panda humo, rudi kufyeka hadi miche iwe mirefu kuliko kangaga. Kivuli cha mikoko kitamaliza kazi.

## Mtandao unapanda hadi milimani

Mto Umba unaanzia Usambara, Tanzania, unavuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, Kenya. Mikoko ya Vanga inakunywa maji ya milima ya Lushoto. Ukilima kingo za Umba huku juu, udongo unashukia kwenye mizizi ya nchi jirani.

Hori ya Mwache, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, ilionyesha hili kwa ukatili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka vilima vilivyokuwa vimelimwa na kuachwa wazi. Mizizi ya kupumulia ikafukiwa na msitu ukafa. Mahali pa namna hiyo sakafu yenyewe imeinuka. Eneo lililokuwa la mkoko sasa lina mwinuko wa mkandaa au mchu, na anayerudisha mkoko kwa sababu kumbukumbu zinasema palikuwa na mkoko anapanda katika ardhi ambayo haipo tena. Ndiyo maana ninasisitiza mpira wa maji hata pale penye visiki. Kisiki kinakuambia msitu ulikuwapo. Kuhusu maji ya leo, pima.

Mabwawa yanaleta shida ya upande wa pili: udongo unabaki nyuma ya ukuta, na delta inayozoea kulishwa tope kila msimu inaanza kuliwa na mawimbi. Mpango wa kurejesha mikoko usiotaja mto hata mara moja haujakamilika.

Kuna pia mahitaji ya watu. Boriti za Lamu zilijenga nyumba za Uarabuni kwa karne nyingi mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Lakini matumizi ya ndani hayakukoma: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake na bei yake. Wakataji huchagua miti iliyonyooka, iliyopinda inabaki, na miaka ikipita hiyo iliyopinda ndiyo inakuwa miti mama. Ukirejesha hori moja bila kujua boriti zitatoka wapi, umehamishia shoka kwenye hori ya pili. Kwa hiyo shamba la mvinje nchi kavu ni sehemu ya kurejesha mikoko, kama ilivyo kwenye mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi na Makongeni.

Na hori ya pili ina umuhimu wake, maana mkondo wa bahari wa pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini. Mbegu nyingi hutua karibu na mama zake, lakini chache husafiri, na hizo chache ndizo zinazounganisha hori na hori. Kama tungekuwa na pesa za kulinda msitu mmoja tu katika kipande cha pwani, ningeuchagua ule wa kusini ulio mzima, wenye aina zote, kabla ya kugusa tope lolote lililo wazi.

## Tunalipia nini

Hapa ndipo mashaka yangu yamebaki.

Vikundi vingi vya pwani hulipwa kwa mche. Kitalu kinauza miche, wapandaji wanalipwa kwa idadi, mfadhili anaandika idadi hiyo kwenye ripoti. Kwa mfumo huo, ushauri wa kuvunja tuta sehemu tatu kisha kusubiri miaka miwili unamnyima mama wa kitalu kipato chake. Halafu tunashangaa kwa nini hori ileile inapandwa kila mwaka.

Mikoko Pamoja inafuata njia nyingine. Tangu 2013 inauza haki za kaboni, yaani inalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu, kutokana na hekta 117, na sehemu kubwa ya kinachouzwa inatokana na kuulinda msitu uliopo. Upandaji ni sehemu ndogo. Mapato yamekwenda kwenye maji ya bomba na shule za vijiji hivyo. Lakini si kila hori ina ukubwa, takwimu na uvumilivu wa kuingia soko la kaboni, na soko lenyewe hupanda na kushuka.

Yapo mambo mengine yanayoweza kulipiwa bila soko lolote. Mita za mfereji zilizochimbwa na zinazoendelea kupitisha maji baada ya mwaka. Doria za mwezi. Wachunga mbuzi wanaokubali kubadilisha njia. Hesabu kwenye viwanja vya mita 10 kwa 10, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha mwaka wa tatu na wa tano, miche iliyopandwa ikiandikwa safu yake na iliyojiotea safu yake. Ningependa mikataba ilipe zaidi kwa mche uliojiotea kuliko uliopandwa, kwa sababu huo ndio unaoshuhudia kwamba maji, udongo na miti mama vimeanza kufanya kazi pamoja.

Ugumu ni kwamba mche uliojiotea hauna aliyeupanda. Nani apokee malipo yake: kikundi kilichochimba mfereji, kijiji kizima, au walinzi wa hori ya kusini ambako mbegu ilitoka? Vikundi vya Vanga na vya Mkinga viko pande mbili za mpaka na kwenye maji yaleyale. Wao ndio ningewauliza kwanza.